ABRAHAMU, BABA YETU KATIKA IMANI
Maisha ya mtu aliyetii kwanza, akaona baadaye



Katika siku hizi za Yubile, kila mmoja anahesabu kwa namna yake miaka 50 ya parokia yetu. Wengine wanahesabu matofali na mabati. Wengine wanahesabu waliobatizwa na waliofunga ndoa mbele ya altare. Wengine, kwa huzuni, wanahesabu waliokufa, waliokimbia, na kazi zilizoanzwa zisizomalizika. Hesabu hizo zote zina haki yake. Lakini kabla hatujazifunga, yafaa tumtazame mtu mmoja aliyepewa na Mungu ahadi kubwa kabisa, akaishi miaka 100 akiingoja, na siku alipofariki alikuwa na kipande kidogo tu cha ahadi hiyo mkononi mwake. Mtu huyo ni Abrahamu.

Jina lake tunalijua sana. Padri anamtaja katika Sala ya Ekaristia ya Kwanza. Bikira Maria alimtaja katika utenzi wake nyumbani kwa Elizabeti, na Zakaria katika utenzi wake siku Yohane alipopewa jina. Lakini wengi wetu tunajua jina kuliko maisha. Maisha yenyewe yameandikwa katika kitabu cha Mwanzo, tangu mwisho wa sura ya 11 hata sura ya 25. Tutayafuata hatua kwa hatua, na kila hatua tutauliza neno moja: hapa alipofika, Mungu amekwisha kumpa nini, na nini bado?

1. Nyumba ya Tera

Abrahamu, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Abramu, alikuwa mwana wa Tera. Jamaa hiyo ilikaa Uri ya Wakaldayo, mji mkubwa karibu na mto Eufrate, katika nchi ambayo leo ni Iraki ya kusini. Wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mwingereza Leonard Woolley, walichimba mahali hapo tangu mwaka wa 1922 hata mwaka wa 1934. Wakakuta nyumba, makaburi ya wafalme yenye dhahabu, na mabaki ya mnara mrefu wa matofali uliojengwa kwa heshima ya mungu wa mwezi. Basi Abrahamu hakutoka porini. Alitoka katika nchi ya watu wenye maandishi, biashara na mahekalu. Na kitabu cha Yoshua kinatuambia wazi kwamba wazee wake, Tera mwenyewe akiwa mmojawapo, walitumikia miungu mingine. Mungu hakumchagua kwa sababu ya ukoo mtakatifu.

Nyumba hiyo ilikuwa na kilio cha namna mbili. Ndugu mmoja wa Abramu alikufa angali kijana mbele ya macho ya baba yake, akamwacha mtoto aitwaye Loti. Tena Sarai, mke wa Abramu, alikuwa tasa. Sisi hatuhitaji maelezo marefu juu ya neno hilo. Tunajua maneno yanayosemwa nyuma ya mke asiyezaa, na jinsi jamaa ya mume inavyoanza kumtazama. Tunajua pia mzee asiye na mtoto anavyojiuliza ni nani atakayemzika na kulitaja jina lake.

Tera aliwachukua Abramu, Sarai na Loti, wakaondoka Uri kwenda nchi ya Kanaani. Lakini hawakufika. Baada ya safari ya zaidi ya kilometa 900 kuelekea kaskazini, walisimama Harani, mji ambao mabaki yake yako leo katika nchi ya Uturuki, wakakaa huko. Huko pia watu walimwabudu mungu wa mwezi.

2. Mwito

Ni huko Harani Mungu alipomwita Abramu aiache nchi yake, ukoo wake na nyumba ya baba yake, aende katika nchi ambayo Mungu mwenyewe angemwonyesha. Nchi hiyo haikutajwa jina. Pamoja na amri hiyo zilikuja ahadi: kwamba atakuwa taifa kubwa, kwamba jina lake litatukuzwa, na kwamba kwa njia yake mataifa yote ya dunia yatapata baraka. Baadaye Mungu aliongeza ahadi ya nchi.

Abramu alikuwa na miaka 75. Kwa umri huo mtu kwetu anakaa chini ya mti wa baraza, na wajukuu wanamletea maji. Yeye alikunja hema. Maandiko hayatuambii kwamba aliuliza maswali, wala kwamba aliomba kwanza dalili. Yanasema tu kwamba alikwenda.

Hapa tuangalie vema mpango wa mambo. Mungu hakumwonyesha nchi kwanza ndipo amwombe atii. Alimwomba atii, na kuona kukaja nyuma. Mpango huo hautabadilika katika maisha yake yote.

3. Nchi yenye wenyewe

Baada ya safari nyingine ya zaidi ya kilometa 600, Abramu alifika Shekemu, katikati ya Kanaani. Maandiko yanaongeza neno fupi lenye uzito: wakati huo Wakanaani walikuwako katika nchi. Yaani nchi ya ahadi haikuwa tupu, ilikuwa na wenyewe. Ni mahali hapo hapo, mbele ya mashamba ya watu wengine, Mungu alipomwahidi kwamba uzao wake utapewa nchi hiyo. Abramu hakuwa na uzao, wala hakuwa na shamba. Alichofanya ni kujenga altare. Kisha akaenda mbele, akajenga nyingine kati ya Beteli na Ai, na baadaye nyingine huko Hebroni. Hizo ndizo nyumba alizojenga. Yeye mwenyewe aliendelea kulala hemani.

Halafu njaa ikaingia. Mtu ametii, amefika mahali alipoambiwa, na chakula hakuna! Abramu akashuka Misri kutafuta chakula, na huko hofu ikamshinda. Akaogopa kwamba Wamisri watamwua ili wamchukue mke wake, kwa maana Sarai alikuwa mzuri wa sura. Basi akamtaka aseme kwamba yeye ni dada yake. Farao akamchukua Sarai nyumbani mwake, na Abramu akapewa kondoo, ng'ombe, punda, ngamia na watumishi kwa ajili yake. Mungu ndiye aliyemwokoa mwanamke huyo kwa kuipiga nyumba ya Farao kwa mapigo, na mfalme mpagani akamkemea mtu wa Mungu. Miaka mingi baadaye, huko Gerari kwa mfalme Abimeleki, Abrahamu alirudia kosa lile lile. Kitabu kitakatifu hakifichi mambo hayo. Baba wa waamini hakuzaliwa na imani kamili, ilikua ndani yake polepole kama mti wa mwembe, ambao aliyeupanda hali matunda yake mwaka ule ule.

Aliporudi kutoka Misri, mifugo yake na ya Loti ilikuwa mingi, na wachungaji wao wakagombana. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwa desturi yeye ndiye angechagua kwanza. Lakini alimwachia mtoto wa ndugu yake achague. Loti akachagua bonde la Yordani lenye maji mengi, akasogeza hema zake hata Sodoma. Abramu akabaki na milima. Mtu aliyeahidiwa nchi yote aliweza kuacha sehemu iliyo nzuri, kwa maana hakutegemea kupewa na Loti.

4. Kutii si kunyamaza

Wafalme wanne walipopiga vita na kumchukua Loti mateka, Abramu aliondoka na watu wake 318, akawafuatia mpaka upande wa kaskazini wa Damasko, akamwokoa. Aliporudi, Melkisedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu aliye juu, alimletea mkate na divai, akambariki, naye Abramu akampa zaka. Eklezya tangu zamani inaona katika mkate na divai ile mfano wa Ekaristia. Mfalme wa Sodoma alitaka kumwachia mali yote iliyotekwa, lakini Abramu alikataa hata uzi, hata kamba ya kiatu, asije mtu mwingine akajisifu kwamba ndiye aliyemtajirisha.

Baada ya hayo Mungu alipomtokea tena, Abramu alisema lililokuwa moyoni. Alilalamika kwamba vipawa vyote havina faida kwake, kwa maana hana mtoto, na mtumishi wake Eliezeri wa Damasko ndiye atakayerithi. Mungu hakukasirika. Alimtoa nje usiku, akamwonyesha nyota, akamwahidi uzao wenye wingi kama huo. Abramu akaamini, na Mungu akamhesabia imani hiyo kuwa haki. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waroma, anajenga mafundisho yake juu ya usiku huo: Abrahamu alihesabiwa haki kwanza, akatahiriwa baadaye, kusudi awe baba wa waliotahiriwa na wa wasiotahiriwa pia. Na sisi tumo humo.

Halafu Mungu alifunga agano naye kwa desturi ya watu wa nchi zile: wanyama wakapasuliwa vipande viwili, na moshi na mwenge wa moto vikapita katikati. Abramu alikaa siku nzima akifukuza ndege waliotaka kula nyama. Jua lilipokuchwa giza likamshika, na Mungu akamfunulia jambo gumu: kwamba uzao wake utakuwa mgeni na mtumwa katika nchi nyingine kwa miaka 400 kabla ya kuipokea nchi hii, na kwamba yeye mwenyewe atakufa kwa amani katika uzee mwema. Kwa maneno mengine, Mungu alimwambia wazi kwamba hataona kwa macho yake. Tangu siku hiyo Abramu alimtumikia Mungu akijua hilo.

5. Njia ya mkato

Miaka 10 ilikuwa imepita katika Kanaani bila mtoto. Sarai akafanya shauri lililokuwa desturi katika nchi zile: akampa mume wake kijakazi wake Hagari, Mmisri, ili apate mtoto kwa yeye. Abramu akakubali. Alikuwa na miaka 86 Ismaeli alipozaliwa.

Shauri lilionekana kuwa la akili, lakini lilileta vita nyumbani. Hagari alipopata mimba akamdharau bibi yake, bibi akamtesa kijakazi, na mwanamke mwenye mimba akakimbilia jangwani. Abramu, aliyewashinda wafalme wanne, hakuweza kuamua kati ya wanawake wawili. Miaka mingi baadaye mateso yaliwapata tena Hagari na mtoto wake, walipofukuzwa na kiriba kimoja cha maji. Na tuone huruma ya Mungu: mara zote mbili alimsikia Hagari jangwani, akamlinda mtoto, akamwahidi kwamba naye atakuwa taifa kubwa. Mungu hakumtupa mtoto aliyezaliwa kwa haraka ya watu. Hata hivyo, haraka ile ililipiwa machozi, na waliolia zaidi ni wale wasiokuwa na kosa.

Baada ya kuzaliwa kwa Ismaeli, Maandiko yananyamaza. Sura ya 16 inakwisha Abramu akiwa na miaka 86, na sura ya 17 inaanza akiwa na miaka 99. Katikati kuna miaka 13 isiyosimuliwa: hakuna sauti, hakuna maono, hakuna altare mpya. Ni miaka ya kuchunga, kuchota maji na kungoja. Sehemu kubwa ya maisha ya Wakristu inafanana na miaka hiyo 13.

6. Mtoto wa kicheko

Akiwa na miaka 99, Abramu alipewa jina jipya, Abrahamu, yaani baba wa mataifa mengi, na Sarai akaitwa Sara. Mzee asiye na mtoto kwa mke wake akalazimika kuitwa jina hilo mbele ya watumishi na majirani! Siku ile ile alitii amri ya tohara, yeye, Ismaeli aliyekuwa na miaka 13, na wanaume wote wa nyumba yake.

Kisha wageni watatu wakaja Mamre, wakati wa jua kali. Abrahamu akawakimbilia, akawaomba wapumzike chini ya mti, Sara akakanda unga, ndama akachinjwa, na mzee mwenyewe akasimama kuwahudumia. Alimpokea Mungu akidhani anapokea wapita njia. Wageni wakatangaza kwamba mwaka ujao Sara atakuwa na mtoto wa kiume. Sara, akisikia nyuma ya mlango wa hema, akacheka moyoni, na Abrahamu naye alikuwa amekwisha kucheka kabla yake.

Siku hiyo hiyo Abrahamu aliwasindikiza wageni, na Mungu akamfunulia kwamba Sodoma utahukumiwa. Ndipo mzee akaanza kuwatetea watu wa mji ule, akishusha hesabu ya wenye haki kutoka 50 hata 10, kama mtu anayepatana bei sokoni. Mungu akakubali kila mara. Hakukosekana huruma ya Mungu, walikosekana wenye haki 10.

Basi Abrahamu alipokuwa na miaka 100 na Sara miaka 90, Isaka alizaliwa, na jina lake lina maana ya kucheka. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu kuondoka Harani. Kwa miaka hiyo yote, taifa lenye wingi wa nyota lilianza na mtoto mmoja.

7. Mlima wa Moria

Na mtoto huyo mmoja Mungu akamwomba. Abrahamu aliambiwa ampeleke Isaka katika nchi ya Moria, amtoe sadaka ya kuteketezwa juu ya mlima. Aliondoka asubuhi mapema. Alitembea siku tatu akiwa na neno hilo moyoni, kijana akiwa karibu naye. Penye mlima, Isaka akachukua kuni mabegani, baba akachukua moto na kisu. Kijana akauliza mwana-kondoo yuko wapi, na baba akajibu kwamba Mungu mwenyewe atajipatia.

Jambo hili linatutetemesha, na ni haki litutetemeshe. Mwito wa kwanza ulimtaka Abrahamu aache yaliyopita, baba yake na nchi yake. Mwito huu ulimtaka aache yatakayokuja. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anaeleza kwamba Abrahamu aliamini kuwa Mungu anaweza hata kufufua wafu. Lakini Mungu hakutaka damu ya mtoto. Malaika aliuzuia mkono, na kondoo dume aliyenaswa pembe zake kichakani akatolewa badala ya Isaka. Watu wa Mungu wakajua tangu hapo kwamba Mungu wao hafanani na miungu ya mataifa iliyodai watoto. Eklezya inasoma habari hii katika Kesha la Pasaka, ikimwona Mwana mwingine aliyebeba mti mabegani, naye Baba yake hakumzuilia.

Abrahamu alishuka mlimani na mtoto wake. Alipanda naye kama mali yake mwenyewe, akashuka naye kama zawadi.

8. Shamba la kwanza

Tumefika mahali ambapo wasomaji wengi wanapita mbio, nasi tutakaa kidogo. Sara alifariki Hebroni akiwa na miaka 127. Abrahamu alikuwa na miaka 137. Alikuwa amekaa katika nchi ya ahadi miaka 62, na hakuwa na mahali pa kumzika mke wake.

Baada ya kumlilia marehemu, aliwaendea Wahiti, wenyeji wa mahali pale, akakiri mbele yao kwamba yeye ni mgeni na mpita njia kati yao, akaomba kuuziwa kaburi. Wakamjibu kwa heshima kubwa. Efroni, mwenye pango la Makpela, akasema mbele ya wote kwamba atampa shamba pamoja na pango bure. Abrahamu akainama, akashukuru, akaomba bei. Alijua, kama wazee wetu wanavyojua, kwamba ardhi iliyotolewa kwa maneno mazuri siku ya kilio huweza kurudishwa siku ya ugomvi. Efroni akataja shekeli 400 za fedha. Abrahamu hakupunguza hata moja. Akapima fedha mbele ya watu waliokusanyika mlangoni pa mji, na shamba, pango na miti yote iliyokuwa mpakani ikawa mali yake mbele ya mashahidi.

Hilo ndilo shamba peke yake ambalo Abrahamu alilipata katika nchi yote ya ahadi: kaburi, tena la kununua. Mtu asiye na imani angecheka, kwa kuwa Mungu alimwahidi nchi, na tazama, amenunua mahali pa kuzikia. Lakini Abrahamu aliona kwa namna nyingine. Mtu hazikwi mahali anapopita, anazikwa kwao. Kwa kumzika Sara pale, badala ya kumrudisha Harani kwa ndugu, alitangaza mbele ya mashahidi wote kwamba nchi hii ni kwao, ingawa hati yake ni ya shamba moja tu. Kaburi lile lilikuwa mbegu ya nchi nzima.

9. Mwisho wa safari

Miaka mitatu baadaye alimtuma mtumishi wake mzee kwenda kumtafutia Isaka mke katika ukoo wao, akimkataza kabisa kumrudisha Isaka kule alikotoka. Rebeka akapatikana kisimani, akakubali kuacha kwao, kama Abrahamu mwenyewe alivyoacha. Rebeka naye alikuwa tasa, na Isaka akamwombea miaka 20. Ndipo Esau na Yakobo wakazaliwa, babu yao akiwa na miaka 160. Hivyo, kwa hesabu ya Maandiko, aliwaona wajukuu hao miaka 15.

Abrahamu alioa tena mke aitwaye Ketura, akazaa naye wana sita, akawapa zawadi, lakini urithi aliuweka kwa Isaka. Akafariki akiwa na miaka 175, miaka 100 kamili tangu alipoondoka Harani. Isaka na Ismaeli, wana wawili waliotengwa na ugomvi wa mama zao, walikutana kumzika baba yao katika pango la Makpela, karibu na Sara. Kilio kiliwapatanisha, kama kinavyopaswa kufanya.

Tufunge sasa hesabu tuliyoifungua. Uzao kama nyota: mtoto mmoja wa ahadi na wajukuu wawili. Nchi: shamba moja lenye pango. Baraka kwa mataifa yote: hiyo haikuwa imeonekana bado.

10. Ahadi iliyoendelea kutembea

Lakini ahadi haikuzikwa pamoja naye. Jamaa ya Yakobo iliyoshuka Misri ilikuwa watu 70. Walipotoka chini ya Musa walikuwa taifa. Yoshua akawaingiza katika nchi. Daudi akatiwa mafuta kuwa mfalme huko huko Hebroni, mji wa kaburi la Abrahamu, akatawala hapo miaka 7 na miezi 6 kabla ya kwenda Yeruzalemu. Solomoni akajenga Hekalu juu ya mlima ulioitwa Moria. Baadaye Hekalu likavunjwa, watu wakachukuliwa utumwani Babeli, karibu na nchi ile Abrahamu alikotoka, kana kwamba safari yote ilikuwa bure. Ahadi haikukatika. Injili ya Matayo inaanza na ukoo wa Yezu Kristu, na jina linalofungua ukoo huo ni Abrahamu. Katika Kristu baraka ya mataifa yote ilifika, na kwa Ubatizo ikavuka mito na milima hata kwetu.

Wayahudi, Wakristu na Waislamu wote wanamheshimu Abrahamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilikumbusha hilo katika Tangazo lake la mwaka wa 1965 juu ya dini zisizo za kikristu. Tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 2021 Papa Fransisko alikwenda mpaka Uri, akasali huko pamoja na watu wa dini mbalimbali, katika nchi iliyojeruhiwa na vita. Nasi tunaojua vita ni nini tunaelewa maana ya safari ile.

Eklezya ya nchi yetu nayo ilikua kwa mwendo huo huo. Kardinali Lavigerie aliwatuma Mapadri Weupe, nao wakafika ziwa Tanganyika mwaka wa 1879. Yeye mwenyewe hakuliona ziwa hilo, na alifariki mwaka wa 1892. Wengi kati ya aliowatuma walizikwa mapema, wameuawa na homa. Mwaka wa 1917, huko Baudouinville, ambayo leo inaitwa Kirungu, karibu na Moba, Monsinyori Roelens alimpadirisha Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, padri wa kwanza mkongomani wa nyakati hizi. Ilichukua miaka 38 tangu wamisionari wafike ziwani. Mwaka wa 1959 Papa Yohane wa 23 akaipa Kongo majimbo kamili yenye maaskofu wake. Mwaka wa 1985 Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka wa 1964, akatangazwa Mwenye Heri. Haba na haba hujaza kibaba. Wale wa kwanza hawakuona kibaba kikijaa, waliweka haba yao.

Basi, ndugu, tunapotembelea makaburi ya wakristu wa kwanza wa parokia hii, tusiseme kwamba hawa walifanya kazi bila kuona matunda. Tuseme kwamba hapa ndipo shamba letu la Makpela. Na kama katika Yubile hii tunaona mambo mengi yamebaki, vijana waliopotea njia, amani isiyofika, miito michache, tusitafute njia ya Hagari, wala tusishuke Misri kwa hofu. Tujenge altare mahali tulipo, tumpokee mgeni, tuwaombee hata watu wa Sodoma, na tuwaachie watoto wetu imani ambayo hawawezi kuinunua mahali pengine.

Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, Baba wa Bwana wetu Yezu Kristu, aliyeianza kazi hii kati yetu, aikamilishe kwa wakati wake. Atujalie kutii leo, na kuona siku atakayopenda yeye. Amina.